Waliolala Shags, Majina Yao Jogoo Road

Mgeni wa Nairobi hupelekwa mbugani kutazama simba, kisha Karen kunywa kahawa, na jioni akarudishwa hotelini akiamini ameiona Nairobi. Mimi ningempeleka Kariokor asubuhi ya Jumamosi. Tungeanzia hapo kwa miguu, tukashukia Pumwani, tukapenya Gikomba, tukaibukia Burma, na alasiri ingetukuta nje ya ukumbi wa Kaloleni tukitafuna mahindi ya kuchoma. Si mwendo mrefu kwa asiyesimama. Lakini Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa jiji, haipitiki bila kusimama.

Wengine huja huku kwa muziki, kwa mitumba, au kupanda matatu zilizochorwa nyuso za wanamuziki waliokufa zamani. Mimi mitaa hii naipendea jambo ambalo halimo katika kijitabu chochote cha utalii: sijaona mahali Kenya panapojua kumsindikiza maiti kama hapa. Na ajabu ni kwamba Eastlands yenyewe karibu haina makaburi. Watu wamezaliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani tangu mwaka wa 1926, wamelelewa Bahati, wameoa Makadara, wamestaafu Jericho. Wakifa, wengi wao hupakiwa kwenye gari wakarudishwa shags, kijijini kwao, hata kama huko shags walikuwa wakienda Krismasi tu. Mitaa ya karne nzima, na wafu wake wako kwingine.

Soko la Kariokor huanza kunukia kabla hujaliona: ngozi, mkonge, na mbuzi anayechomwa. Huku wanawake wanasuka vyondo, kule mafundi wanakata matairi ya malori kutengeneza akala. Jina la mahali hapa limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, kilichokuwa na kambi hapa. Kariakoo ya Dar es Salaam ni ndugu yake wa tumbo moja. Wapagazi wale walibeba unga, risasi na vipande vya mizinga, wakilifuata jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck kusini hadi ng'ambo ya Rufiji. Wengi wa waliokufa hawakufa kwa risasi. Walimalizwa na kuhara damu, malaria, baridi na njaa, nao waliangamia kwa makumi ya maelfu.

Afisa wa Kiingereza aliyekufa katika vita hivyo alipewa jiwe lenye jina lake. Mpagazi alifukiwa kando ya njia, mzigo wake akapewa wa nyuma yake. Mwezi wa Aprili 2021, tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba zilizozinduliwa mwaka wa 1928, na mpagazi ni mmoja wao. Watu hupita chini yake wakiongea na simu. Mimi naona ukumbusho wa kweli wa wale wabeba mizigo ni huu wa Kariokor: jina linalotajwa na makondakta mchana kutwa, bila jiwe wala shada.

Karibu na soko kuna makaburi ya Waislamu, na haya ndiyo makaburi ambayo Eastlands inaweza kuyaita yake. Ukitaka kuelewa yanavyotumika, nenda kwanza Majengo ya Pumwani. Serikali ya kikoloni ilianzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kuwakusanya Waafrika waliokuwa wametawanyika katika vijiji vya mwanzo vya Nairobi. Kimoja cha vijiji hivyo kiliitwa Maskini. Kingine kiliitwa Kaburini. Cha Pangani kilidumu zaidi, hadi kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Wengi wa wenyeji hao walikuwa Waislamu wasio na shags ya kurudi: Wanubi, watu wa pwani, wanawake waliotoka bara wakasilimu na kujijengea nyumba za udongo kwa jasho lao. Kwao Nairobi ndiyo nyumbani, na mtu huzikwa nyumbani.

Katika duka moja la Majengo nilimkuta mzee akipima bafta. Nilimpa salamu, "Salaam aleikum, mzee wangu," akaitikia bila kuacha kupima. Alinionyesha vitu vyote vinavyohitajika, na vyote vilienea juu ya meza moja: kitambaa cheupe, vipande 3 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke, kisichoshonwa; pamba; karafuu maiti; chupa ndogo ya marashi; udi wa kufukiza. Jeneza la kubebea ni la msikiti, limefunikwa kitambaa cha kijani, nalo hurudi msikitini likamngoje mwingine. Kaburini maiti hulazwa kwenye mwanandani kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, ambayo kwa Nairobi ni kaskazini. Hakuna saa, hakuna pete, hakuna kiatu.

"Mwanangu," mzee aliniambia, "tajiri wa Eastleigh na mpiga debe wa Machakos Country Bus bafta yao ni moja. Tofauti ni urefu tu."

Kwa karne hii moja ya Pumwani, utaratibu huo haukubadilika. Yaliyobadilika ni ya pembeni. Tangazo lililokuwa likitoka kwenye kipaza sauti cha msikiti wa Riyadha sasa huwafikia watu kwanza kwa WhatsApp, na maiti aliyefariki alfajiri huzikwa kabla ya magharibi huku ndugu wa Mombasa wakifuatilia kwa simu. Hata hivyo, nisimpake mafuta mtu kwa mgongo wa chupa: Waswahili wenyewe hawakuwa daima na moyo wa bafta tupu. Huko Gede, pwani, lipo kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka wa 1399, na Mambrui kuna nguzo ya kaburi iliyopachikwa mabakuli ya Kichina. Wazee wale hawakuweka kitu ndani pamoja na maiti, kwa kuwa dini haikuruhusu. Waliviweka nje, juu ya nguzo, vionwe na walio hai. Kumbuka hilo, maana tutalikuta tena Kaloleni.

Kariokor kuna pia tanuri la kuchomea maiti lililojengwa na Wahindu. Tarehe 8 Oktoba 2011 mlango wake ulimpokea Wangari Maathai, baada ya mazishi ya kitaifa. Alikuwa amesema hataki mti ukatwe kwa ajili yake, kwa hiyo alilazwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, kisha akachomwa. Mji mzima ulinong'ona. Mgikuyu, mshindi wa Nobel, achomwe? Wapo waliosema ni desturi ya kigeni iliyoletwa na meli kutoka Bombay.

Hapo ningependa kuingilia. Mwaka wa 1938 Louis na Mary Leakey walichimbua pango la mto Njoro, karibu na Nakuru, wakakuta mabaki ya watu wapatao 80 waliochomwa yapata miaka 3,000 iliyopita. Wafu hao walikuwa wameachiwa mabakuli ya mawe, michi ya mawe na shanga, na moto ule ulikausha hata vibuyu na vyombo vya mbao vikabaki kama makaa hadi leo. Kwenda nyuma zaidi, Lothagam, magharibi mwa ziwa Turkana, wafugaji wa miaka 5,000 iliyopita walizika watu wasiopungua 580 katika uwanja mmoja wenye nguzo za mawe, na karibu kila mmoja, mtoto kwa mzee, alikuwa na mapambo yake mwilini. Hakuonekana mkubwa aliyejazwa vito huku wadogo wakilala mikono mitupu. Kwa hiyo kuchomwa si kugeni, na kuzikwa na vitu si kugeni pia. Kigeni, kama tunatafuta kigeni, ni lile sanduku la mbao lenye vishikio vya dhahabu bandia. Na hilo sasa tunalifuata Gikomba.

Kuingia Gikomba kutokea Pumwani ni kuachia mwili wako usukumwe. Mkokoteni unapiga kelele nyuma, mtu wa mitumba anakutupia shati kifuani, moshi wa samaki unakufumba macho. Ukishalipita soko la nguo unafika kwa watu wa mbao: vitanda, makabati, meza, na katikati yao, bila kujificha, majeneza. Eastlands haioni haya kuweka kitanda cha maharusi na jeneza chini ya bati moja. Fundi ni yule yule, randa ni ile ile. Kufa kufaana.

Nilisimama kwa mmoja aliyekuwa akipiga msasa kifuniko cha saipresi. Kilikuwa na kidirisha cha kioo mahali pa uso, na mlango mdogo wa kukifunika kioo chenyewe. Ndani aliweka vumbi la mbao kwanza, kisha sponji nyembamba, kisha satini nyeupe aliyoikunja mikunjo midogo na kuipiga pini kwa mashine, kidole gumba kikitangulia. Yale yaliyokwisha kupakwa vanishi yalisimamishwa ukutani kama walinzi. Madogo sana, ya watoto, aliyapachika juu karibu na paa, ambako jicho la mpita njia haliendi upesi.

"Boss, zamani walikuja na kamba," alisema. "Wamempima marehemu kwa kamba, wanakupa kamba, unakata. Siku hizi wanakuja na picha kwa simu. Huyu anataka kama la mbunge fulani, yule anataka kama gari."

Nikamuuliza watu huweka nini ndani. Akacheka, akasema hayo hayaoni yeye, ila husikia. Suti ambayo marehemu hakuwahi kuivaa akiwa hai. Rozari, au Biblia. Miwani, kwa sababu bila miwani hata watoto wake hawatamtambua. Na jezi: ya kijani kwa mtu wa Gor Mahia, ya milia ya buluu na nyeupe kwa Ingwe. Mpira wa Eastlands haumwachi mtu mlangoni mwa kaburi.

Sanduku hili halina umri mkubwa kwetu. Wagikuyu wa zamani hawakumchimbia kila mtu kaburi. Mzee mwenye mali na uzao ndiye aliyezikwa kwa heshima. Wengine walipelekwa porini, wengi kabla hawajakata roho, na fisi akamaliza kazi, kwa kuwa kugusa maiti kulikuwa najisi ya kutisha. Wamishenari na serikali ya kikoloni walipolazimisha kuzika, jambo hilo liliwatetemesha watu. Kizazi kimoja au viwili baadaye, wajukuu wa walioogopa kumgusa maiti ndio wanaopigana bei ya mahogani. Kwa Waluo mambo yalikuwa tofauti: kaburi lilikuwa ndani ya boma, mwanamume kwa ubavu wa kulia na mwanamke wa kushoto, na mzee wa heshima alifungwa kwenye ngozi ya fahali wake. Ngozi ilikuwa jeneza lake na mali yake kwa wakati mmoja. Siku hizi fahali huchinjwa akaliwa na waombolezaji, na pesa za jeneza huletwa Gikomba.

Ukitoka hapo, vuka Shauri Moyo uibukie Burma, soko la nyama ambalo nalo lina jina la vita, hivi vya pili, ambamo vijana wetu walipelekwa kupigana na Wajapani. Sitakaa Burma. Kula kilo moja, lipa, vuka Jogoo Road.

Kaloleni ni mtaa mzuri kuliko yote ya Eastlands, na nitabishana na mtu wa Buruburu hadharani. Ulijengwa miaka ya 1940, na mikono ya mateka wa vita wa Kiitaliano ilikuwamo kazini. Nyumba ni za mawe, za chini, zenye paa za vigae, zimepangwa kuzunguka nyasi na miti ambayo sasa ni mikubwa kuliko nyumba. Mabati ya nyongeza yameziba uwanja mwingi, na vigae vingine vimeng'oka. Bado ukikaa chini ya kivuli saa tisa alasiri utajua kwamba aliyeichora ramani hii alitaka watu waonane. Katikati upo ukumbi. Siasa za uhuru zilipigiwa kelele mle, ndondi zikapiganwa, ngoma zikachezwa. Na jioni kwa jioni, kwa zaidi ya miaka 70, watu wameketi mle na nje yake kupanga namna ya kumpeleka mtu nyumbani.

Mambo haya yalianza na vyama vya kikabila, Luo Union na vingine vya Waluhya na Wakamba. Mtu alikuja Nairobi kufanya kazi reli au baraza la mji, analala chumba kimoja na wenzake, hana mke mjini wala jamaa. Akifa, ni nani atakayelipia safari ya Nyanza? Chama kililipa. Serikali ilipovifuta vyama vya kikabila mwaka wa 1980, mikutano ya matanga haikufutika. Ilibaki mikononi mwa majirani, na nadhani hapo ndipo ilipokuwa ya Eastlands kweli. Mkamba akawa mwekahazina wa matanga ya Mluhya kwa sababu wanachota maji kwenye mfereji mmoja.

Niliketi katika mkutano mmoja kama huo. Meza ya plastiki, picha ya marehemu ndani ya fremu, mshumaa, daftari la mistari. Katibu husoma bajeti kwa sauti isiyo na machozi: jeneza, mochari, gari, dizeli, hema na viti huko shags, unga, mafuta ya kupikia, fahali. Halafu beseni linazungushwa. Kila anayetoa hutajwa jina, na wanaotoa shilingi 50 hupigiwa makofi sawa na wa 5,000, ingawa, tuseme ukweli, wa 5,000 hupewa kipaza sauti. M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, beseni halikustaafu. Katibu husoma meseji zilizoingia kutoka Doha na Dallas, kisha beseni linaendelea na mzunguko wake, maana kuna utamu wa kuonekana ukitoa ambao simu haiwezi kuuleta.

Basi yale mabakuli ya mawe ya Njoro yamekwenda wapi? Naona yako hapa, mezani. Tulichokuwa tukimfukia nacho mtu sasa tunakitembeza barabarani na kukigawa kwa walio hai, kama wale wazee wa Mambrui waliopachika bakuli juu ya nguzo. Fulana nyeupe zenye uso wa marehemu kifuani. Kijitabu cha rangi chenye picha zake za shule, za harusi, za akiwa na suruali pana ya miaka ya 70. Mahema, maua, zulia la kijani la kufunika udongo, mashine ya kushushia jeneza taratibu. Ndani ya kaburi mwenye jezi ana jezi yake, basi. Utajiri wote uko juu, na jioni ya mazishi fulana zile huvaliwa na vijana wa shags wanaochunga ng'ombe. Wapo wanaolaani gharama hizi, nami sitawapinga. Nimeona familia iliyozika kwa kishindo na muhula uliofuata watoto wakarudishwa nyumbani kwa karo. Lakini wanaodai ni ushamba wa watu wasiojua thamani ya pesa hawajawahi kukaa karibu na lile beseni.

Safari yenyewe imebadilika pia. Wenye umri wangu wanakumbuka jeneza likifungwa kwa kamba juu ya Peugeot, chini watu kumi, na njia nzima nyimbo. Idhaa ya taifa ilisoma matangazo ya vifo, na nyumba nzima ikanyamaza kusikiliza kama kuna jina la kwao. Sasa ipo gari maalumu yenye vioo, ikifuatwa na basi la kukodi. Siku ya kuondoka ni Alhamisi au Ijumaa, ili Jumamosi maiti azikwe na Jumatatu watu wawe kazini.

Kwamba lazima safari iwepo, Kenya nzima iliambiwa na mahakama. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong, mahali walipokuwa na shamba. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Maiti alilala mochari ya jiji miezi mitano huku mchimba kaburi na profesa wa falsafa wakitoa ushahidi kuhusu desturi za Waluo. Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi, na tarehe 23 Mei 1987 akazikwa Nyalgunga. Mjane hakwenda. Kesi hiyo bado inazungumzwa mitaani humu kana kwamba iliamuliwa wiki jana, hasa na wanawake waliooana na wanaume wa makabila mengine.

Toka Kaloleni kwa upande wa Makongeni uingie Mbotela, kisha uvuke Jogoo Road tena uende Ofafa Maringo na Ofafa Jericho. Tom Mbotela alikuwa diwani na mwanasiasa wa chama cha KAU, mtu wa jamii ya Frere Town ya Mombasa, ya waliokombolewa utumwani. Aliuawa Novemba 1952. Ambrose Ofafa, diwani pia, aliuawa mwaka wa 1953. Wote wawili walihesabiwa kuwa wapinzani wa Mau Mau, na serikali ya kikoloni ndiyo iliyoibandika mitaa majina yao, hivyo si heshima isiyo na siasa. Tarehe 24 Aprili 1954 mitaa hii ilizingirwa kwa Operesheni Anvil, maelfu wakapakiwa malori kwenda kambi za kizuizini, na wengi waliokufa katika miaka ile hawakupata mtaa wala kaburi. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na familia yake haikukabidhiwa mwili.

Lakini mitaa ina tabia yake. Mtoto wa Maringo hajui Ofafa alikuwa na msimamo gani. Anajua kwamba Ofafa ni kwao, na timu yao ikishinda atalipiga kelele jina hilo. Tom Mboya, mbunge wa eneo lililokuja kuitwa Kamukunji, aliyepigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, alizikwa kisiwani Rusinga ndani ya jengo lenye umbo la risasi, na humo vitu vyake vimewekwa vionwe na wageni. Ni kaburi la aina yake, na nakushauri uende. Ila mwendo wa kutoka Nairobi hadi Rusinga ni wa siku nzima, na Ofafa yuko hapa, mwendo wa matatu moja tu.

Sasa shags zenyewe zinabana. Shamba la babu limegawanywa hadi likawa ploti, na kaburi moja jipya linakula mahali pa mahindi. Anayetaka kuzika mjini hukutana na Lang'ata, makaburi yaliyofunguliwa mwaka wa 1958 na kutangazwa yamejaa miaka mingi iliyopita. Baraza la jiji lilipotafuta ardhi nyingine, mwaka wa 2009 zilitoka shilingi milioni 283 kwa ekari 120 za Mavoko zilizogunduliwa kuwa mwamba usiochimbika. Wafu wa Nairobi waliibiwa kabla hawajafa. Kisha ikaja korona: kuanzia Aprili hadi Julai 2020 hakuna aliyetoka Nairobi bila kibali, mazishi yakawa ya watu 15, mikutano ya Kaloleni ikahamia WhatsApp. Familia ziligundua kwamba mtu anaweza kuzikwa kwa siku mbili na hema moja. Wengi waliapa hawatarudia gharama za zamani. Waliporuhusiwa, walirudia.

Vijana wa Jericho na Umoja niliokaa nao wanasema wazi kwamba shags si kwao. Mmoja aliniambia akifa achomwe Kariokor na majivu yamwagwe City Stadium, upande wa mashabiki wa Gor. Mama yake, aliyekuwa akisonga ugali, alimwambia, "Wewe sema tu. Mimi ndiye nitakayekuzika au wewe ndiye utakayenizika?" Kijana akanyamaza, akachukua sahani.

Ukija, njoo katikati ya wiki, jioni, saa kumi na mbili hivi, wakati watu wanarudi kutoka kazini. Panda matatu ya Jogoo Road mjini, shukia City Stadium, uliza ukumbi wa Kaloleni, Social Hall. Ukikuta viti vimepangwa na picha mezani, salimia, keti nyuma. Hakuna atakayekuuliza wewe ni wa kabila gani. Vaa viatu vya kustahimili matope kama ni Aprili. Beba noti ndogo ndogo. Beseni huzunguka mara mbili, na mara ya pili mwenyekiti huwa ameshajua jina lako.